Baba anayelala kwenye lori naye ana kwao

Nyuma ya kiti cha dereva, ndani ya kichwa cha lori la masafa marefu, kuna kitanda chembamba. Juu yake kuna godoro, shuka na blanketi zito, kwa sababu usiku wa Makambako baridi yake haina mchezo. Pembeni kuna mswaki, chaja ya simu na begi la nguo. Nje, chini ya tela, kuna sanduku la chuma lenye jiko la gesi, sufuria, unga, chumvi na dumu la maji.

Hapo ndipo baba wa watoto watatu analala sehemu kubwa ya mwezi.

Nyumbani kwake Kibaha, mwanawe wa darasa la nne amerudi shuleni akiwa amenuna. Mwalimu aliwataka watoto waeleze familia zao. Yeye akasimama, akasema baba yake ni dereva wa lori la kwenda Zambia na analala humo humo ndani. Mwenzake akadakia, "Basi baba yako hana kwao." Darasa zima likaangua kicheko.

Jioni, wakati mama yake anachambua mchele, mtoto anauliza: "Mama, hivi baba hana kwao?"

Familia hii ni mfano tu, uliochorwa kutokana na maisha ya familia nyingi zilizo kando ya barabara zetu kuu, kuanzia Chalinze hadi Tunduma, kuanzia Mombasa hadi Malaba. Lakini swali la mtoto ni la kweli, na mzazi anapaswa kuwa na jibu. Mtoto wa darasa la nne hakulitunga neno lile. Amelisikia kwa wakubwa.

Maneno yetu wenyewe

Mtaani, dereva wa lori hupewa sifa kabla hajafungua mdomo. Atasemwa kuwa ana mke kila kituo. Atasemwa kuwa ni mlevi, mchafu, mtu wa kupotea. Mwenye nyumba ya kupanga atasita kumpa chumba. Mama mkwe atamuuliza binti yake kama kweli ameona mume au ameona nauli. Wapo wanaomheshimu siku akishuka na gunia la viazi vya Njombe, heshima inayokwisha gunia likiisha.

Watu hao hao wanaoka chapati kwa unga wa ngano uliopakiwa bandarini na kushushwa na lori. Mafuta ya daladala yanayowapeleka kazini, mbolea ya shamba la babu, hata katoni za dawa kwenye stoo ya zahanati, vyote vimepita mikononi mwa mtu aliyelala garini njiani.

Hakuna anayesema askari anayelala kambini hana kwao. Hakuna anayesema hivyo kuhusu muuguzi aliye zamu ya usiku au baharia aliye melini miezi sita. Kwa dereva, kitanda cha kazini kimegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya tabia yake.

Lawama ilianzia wapi?

Sehemu ya dharau hii ina historia ya kiafya. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, watafiti wa nchi za Afrika Mashariki walifuatilia barabara kuu, vituo vya malori na watu waliokutana hapo. Iligundulika kuwa vituo hivyo vilikuwa na maambukizi mengi, na programu za kinga zikaelekezwa huko: kondomu, ushauri nasaha, upimaji.

Hilo lilikuwa sahihi. Elimu hupelekwa penye hatari. Tatizo ni kwamba mtaani ujumbe ulibadilika. Kutoka "mahali penye hatari" ukawa "watu wa hatari". Virusi vya ukimwi haviulizi leseni ya udereva. Huambukiza kupitia ngono isiyo salama, damu, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, awe mhusika ni dereva, mhasibu au mwalimu. Leo mtu anayetumia dawa za ARV vizuri, hadi virusi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Majina tunayowapa madereva bado ni yale ya zamani.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Uviko-19, hadithi ilirudi upya. Madereva walipimwa mipakani, wakasubiri majibu siku kadhaa ndani ya malori yao. Rwanda ilitaka madereva wabadilishwe mpakani Rusumo ili mgeni asiingie ndani zaidi ya nchi. Katika miji ya mipakani, wapo waliofukuzwa vibandani kama vile wao ndio waliotengeneza ugonjwa. Shehena zilihitajika, lakini aliyezileta hakutakiwa kushuka.

Tahadhari ilihitajika, na nchi zilikuwa na haki ya kujilinda. Lakini mtoto wa dereva aliyesikia redioni kila siku idadi ya madereva waliokutwa na maambukizi, alijifunza jambo moja: baba yake ni tishio.

Dharau inavyoficha ugonjwa

Hapa ndipo suala hili linapovuka mipaka ya adabu na kuwa suala la afya ya familia.

Mtu anayejua kwamba atahukumiwa hujificha. Dereva anayeogopa kuonekana amebeba ugonjwa hapimi. Anayeogopa kuambiwa "tulijua tu" hamwambii mkewe kuwa amepata dalili za ugonjwa wa zinaa, hununua vidonge duka la dawa la stendi, ananywa nusu dozi na kuendelea na safari. Anayeogopa kuonekana hafai kazi hamwambii mwajiri kuwa kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu.

Shinikizo la juu la damu ni mfano mzuri, kwa sababu mara nyingi halina dalili kabisa. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi akijiona mzima, mpaka siku ya kiharusi. Kipimo kikisoma 140/90 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, mtu huyo anahitaji kuonana na mtaalamu. Dereva wa masafa marefu ana vichocheo karibu vyote: kukaa muda mrefu, chumvi na mafuta mengi kwenye chakula cha njiani, usingizi mdogo, msongo wa mawazo, na wengine sigara au pombe. Kinachokosekana ni nafasi ya kupima.

Usingizi wenyewe ni mgonjwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku. Ndani ya kichwa cha lori, usingizi ni wa mang'amung'amu. Wezi wa dizeli huja usiku. Wapo wanaochana turubai, wapo wanaofungua matairi. Mali ikipungua, dereva ndiye wa kwanza kuulizwa, na mara nyingine hukatwa mshahara. Kwa hiyo jicho moja linalala, jingine linalinda tanki.

Utafiti umeonyesha kuwa mtu aliyekesha kwa takriban saa 17 mfululizo, uwezo wake wa kuitikia jambo la ghafla hushuka kufikia kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mtu huyo amelewa bila kunywa. Anapoteremka mlima Kitonga akiwa na tani za mzigo mgongoni, usalama wa kila abiria wa basi lililo mbele yake unategemea kama jana alilala.

Ndiyo maana kumdharau dereva ni gharama kwa wote. Anayefukuzwa hapa na pale asiegeshe, asioge, asipumzike, ndiye tutakayekutana naye kwenye kona.

Mambo madogo yanayoumiza

Wengi hawafikirii suala la choo. Sehemu nyingi za barabara hazina choo safi, na pakiwa nacho maegesho ya lori hakuna. Madereva "huchimba dawa" porini, au hujibana. Wengine hunywa maji kidogo makusudi ili wasisimame kila mara. Mkojo ukiwa mzito na kukaa muda mrefu kwenye kibofu, hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo na mawe kwenye figo huongezeka. Kwa wanawake wanaoendesha malori, ambao wapo ingawa ni wachache, mzigo huu ni mara mbili, na hedhi huongeza wa tatu.

Jambo jingine ni jiko. Katika mikoa ya baridi wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya kichwa cha lori na kupandisha vioo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia usingizi, kichwa kikauma kidogo, akalala na asiamke. Hilo si la kusubiri semina. Mke, mtoto au rafiki yeyote anaweza kulisema leo: jiko, la mkaa au la gesi, ni la nje ya gari, hata kama baridi inauma. Ndani ni blanketi na soksi.

Na mbu hawaheshimu tela. Chandarua kidogo kinachofungwa juu ya kitanda cha lori kinawezekana, na dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi anapita maeneo mengi yenye malaria. Homa yoyote njiani ipimwe kwanza. Kumeza dawa ya malaria kwa kubahatisha kunaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Sheria inasemaje?

Wengine husema, "Si alichagua mwenyewe? Kwa nini asilale gesti?" Jibu ni la hesabu. Posho ya safari mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya chakula, ya kuoga na ya dharura. Akiitoa yote kwa gesti, nyumbani ada haitalipwa. Na gari alilopewa kulinda litabaki na nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo baada ya siku ya kazi, na saa 24 mfululizo kila wiki. Kwenye karatasi, dereva naye ni mfanyakazi. Lakini asiye na mkataba wa maandishi atadai vipi saa zake? Mwaka 2015 madereva nchini waligoma mara mbili, Aprili na Mei, na miongoni mwa madai yao yalikuwa mikataba ya ajira. Abiria waliokwama stendi wanaukumbuka usumbufu. Wachache wanakumbuka dai.

Kwingine suala la kulala garini limeingia moja kwa moja kwenye sheria. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2020 imeandikwa wazi kuwa mapumziko marefu ya wiki, yasiyopungua saa 45, hayaruhusiwi kuchukuliwa ndani ya lori. Dereva apate malazi yenye kitanda na huduma za usafi, na gharama ni ya mwajiri. Huko waliona kwamba kulala garini ni jambo la mazingira ya kazi, wakaliondoa kwenye kapu la tabia za watu.

Huku kwetu pia yapo mazuri ya kuigwa. Shirika la North Star Alliance limeendesha kliniki za kando ya barabara katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, nyingi zikiwa ndani ya makontena karibu na maegesho ya malori na mipaka. Wazo lake ni jepesi: mgonjwa hawezi kuacha shehena kwenda hospitali ya wilaya saa nne asubuhi, basi huduma imfuate anapoegesha, na ifunguliwe jioni anapokuwepo.

Nyumbani pafanywe nini?

Familia haiwezi kujenga maegesho wala kuandika sheria. Lakini yapo yaliyo ndani ya uwezo wake.

Kwanza, mtoto apewe maneno sahihi. Aambiwe baba anafanya kazi gani, anabeba nini, anapita miji gani. Ramani ya Tanzania ya daftarini inatosha. Mtoto anayejua kwamba leo baba yuko Iringa na kesho Mbeya ana jibu la kumpa mwenzake darasani. Asiyeambiwa chochote atajaza pengo kwa maneno ya mtaani.

Pili, simu ziwe na saa yake. Mke mwenye wasiwasi hupiga mara kumi, na dereva hupokea huku gari likitembea, kwa sababu asipopokea atashukiwa. Hiyo ni hatari. Wakubaliane: akiegesha, yeye ndiye anapiga. Ujumbe mfupi wa "nimeegesha Mikumi, niko salama" una thamani kuliko mazungumzo ya nusu saa barabarani. Mtoto naye apewe dakika zake tano za kueleza hesabu alizopata na alizokosa.

Tatu, begi la safari liwe na dawa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dozi ya siku za safari na nyongeza ya siku za foleni, maana foleni ya mpakani huweza kula siku kadhaa. Dawa zisiachwe kwenye dashibodi juani. Ndani ya pochi kuwe na karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa anazotumia na namba ya simu ya nyumbani.

Nne, chakula. Njugu, maharage yaliyochemshwa, matunda na maji ni rahisi kuliko chipsi za kila kituo. Kila anaposimama, atembee dakika kumi kuzunguka gari kabla ya kukaa tena. Miguu iliyoninginia siku nzima inahitaji damu izunguke. Akiona mguu mmoja umevimba na kuuma, asikande wala asisubiri arudi nyumbani. Aende hospitali.

Tano, akirudi aachwe alale. Nyumba nyingi humpokea dereva na foleni ya matatizo: ada, bati linalovuja, ugomvi wa shangazi. Yote ni ya kweli, lakini siku ya kwanza ni ya usingizi. Mazungumzo ya pesa yafanyike siku ya pili, akili ikiwa imetulia. Na mtoto asitishiwe kwa "subiri baba yako aje", kwa sababu atajifunza kuogopa siku ya baba kurudi.

La uaminifu lisifichwe

Kuna mama atakayesoma hapa na kusema moyoni, "Huyu hajui niliyopitia." Ni kweli kwamba wapo madereva wenye nyumba mbili, na wapo waliorudi na ugonjwa. Upweke wa barabarani, fedha mkononi na usiku mrefu vina ushawishi wake. Kutetea heshima ya dereva hakumaanishi kufumba macho.

Lakini kumtukana mtu kabla ya kosa hakumzuii kukosa. Humpa sababu ya kusema, "Si mmeshanihukumu?" Kinachosaidia ni wanandoa kuzungumza waziwazi na kupima pamoja VVU na magonjwa mengine ya zinaa, kila mmoja akiwa tayari kupokea majibu. Kupima pamoja kunawalinda wote wawili, kwa sababu aliyebaki nyumbani naye ni binadamu. Mwanamke mwenye shaka ana haki ya kutaka kondomu au kipimo bila kuitwa mkorofi.

Wiki iliyofuata Kibaha

Baba wa yule mtoto anarudi Alhamisi jioni, kwa bajaji, akiwa na kapu la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Amekonda kidogo. Mkewe anampa maji ya kuoga, ugali na samaki, kisha anafunga mlango wa chumba na kuwaambia watoto wapunguze sauti.

Jumamosi, mama anampa habari ya darasani. Baba anakaa kimya. Kisha anamchukua mwanawe hadi yadi ilikoegeshwa gari, anampandisha, anamwonyesha kitanda. Mtoto anajilaza, anapima urefu kwa miguu yake, anagusa blanketi.

"Baba, hapa panakutosha?"

"Pananitosha kulala, mwanangu. Kwetu ni kule alipo mama yako."

Wakati wa kurudi wanapitia zahanati. Muuguzi anampima baba shinikizo la damu. Kinasoma 152 kwa 96. Anamwambia apumzike, anarudia, kinashuka kidogo tu. Anamtaka arudi baada ya siku chache. Baba anacheka kwa aibu na kusema siku chache zijazo atakuwa Tunduma.

Muuguzi hamgombezi. Anachukua kadi, anaandika tarehe na vipimo, anamwambia aende kituo chochote cha afya huko, apime, aandikiwe hapo hapo chini. Kikibaki juu, aonane na daktari siku hiyo hiyo, asisubiri kurudi.

Mtoto ndiye anayekabidhiwa kazi ya kukumbusha. Kila usiku, baba akishaegesha na kupiga simu, swali la kwanza litakuwa lake: "Baba, umepima?"